Hesabu Milango, Usihesabu Mabati

KONA YA SHANGAZI: barua za wasomaji wa Mbeya na jirani zake

Julai ya Mbeya haina adabu. Naandika nimejifunga kitenge juu ya sweta, jiko la mkaa liko miguuni (mlango uko wazi, msiniandikie barua za kunionya). Mwezi huu mmeniuliza mambo ya vikundi peke yake, kama mlikaa kikao. Basi na iwe hivyo.

*

"Shangazi shikamoo. Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana hapa Ilomba. Wazee wetu wa Busokelo walikianzisha mwaka 1998 ili mtu akifia mjini asikose jeneza wala gari la kumrudisha nyumbani. Wakati ule mtaa karibu wote tulikuwa Wanyakyusa. Leo jirani zangu ni Wakinga, Wanyiha, Wasukuma, wanafunzi waliopanga, vijana wa bodaboda na mama mmoja wa Kigoma. Mwaka jana tukatangaza kwamba chama ni cha wote, na kwamba tutasaidia pia wajane na watoto wa shule. Wakajiunga watu tisa. Baada ya miezi mitatu wamebaki wawili. Wazee wanacheka, wanasema 'tuliwaambia.' Tumekosea wapi? – Katibu, Ilomba"

Marahaba mwanangu. Barua yako ni ndefu na nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja. Wazee umeninukulia. Wale saba walioondoka, hakuna hata neno lao moja. Hukuwauliza, siyo?

Usione haya. Sisi tulikaa miaka mitatu bila kuuliza.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi pale Mwanjelwa kwa miaka kumi na moja. Tulianza akina mama sita, wote wa kanisa moja, tukiwanunulia madaftari watoto walioachwa na wazazi waliokufa kwa ukimwi. Tulijiona tunaujua mtaa. Desemba 2006 soko la Mwanjelwa likaungua. Kesho yake asubuhi waliofika mlangoni kwetu hawakuwa wa kanisa letu. Alikuja mama wa Kihehe aliyekuwa akiuza dagaa, kijana wa Kipare mwenye meza ya vitasa na bawaba, Mwislamu aliyeshona nguo, na bibi wa Kisafwa ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye bei za mboga. Wote walikuwa wamepoteza mtaji usiku mmoja. Hapo ndipo tulipojua kwamba kile tulichokiita "mtaa wetu" kilikuwa safu mbili za mabenchi ya kanisani.

Tukawapokea. Na kama ninyi, nusu yao wakapotea.

Nikaanza kuwafuata mmoja mmoja. Yule wa dagaa aliniambia, "Dada, mnakutana Jumamosi saa nne. Saa nne mimi ndiyo nina wateja." Kumbe! Tulipanga saa ile kwa sababu waume zetu walikuwa na mshahara na Jumamosi tulikuwa tumeshafua. Tukasogeza hadi Jumapili mchana, Wamoraviani wakawa hawajatoka ibadani. Tulishaikosa Jumamosi kwa Wasabato bila kujua, na Ijumaa mchana fundi wetu yuko msikitini. Tulibishana miezi miwili. Mwisho tukashika Jumatano saa kumi alasiri: mama lishe ameshaosha masufuria, watoto wametoka shule, na giza bado. Hata hiyo haikuwafaa wamachinga, maana jioni ndiyo sokoni kwao kunachemka. Kwa hao nilipita mwenyewe kila Alhamisi na kitabu kwapani, meza hadi meza, kama mkusanya ushuru, ila mimi nilikuwa napewa kiti.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni saa. Sasa nije kwenye katiba yenu, ambayo sijaiona lakini nitabahatisha ibara moja. Imeandikwa "chama kitagharamia kumsafirisha marehemu hadi nyumbani." Nimekosea? Kwa mtu wa Tukuyu hiyo ni safari ya asubuhi moja. Sasa mweke yule mama wa Kigoma. Kutoka Mbeya apitishwe Sumbawanga, apitishwe Mpanda, ndipo aanze kukaribia kwao. Analipa mchango uleule mnaolipa ninyi, na anajua fika kwamba siku hiyo ikifika ama chama kitafilisika ama mtaanza kukohoa. Mtu wa namna hiyo hagombani na mtu. Anaacha kuja.

Sisi tulifuta neno "kusafirisha" tukaweka kiasi kimoja cha fedha kwa kila msiba, sawa kwa wote, kinachokabidhiwa kwa familia mkononi mbele ya mashahidi. Wakitaka kupeleka nyumbani, waongeze wao. Wakitaka kuzika hapahapa mjini, kinachobaki kinanunua unga. Na kiwe tayari. Ninyi mmezoea msiba wa siku mbili tatu, michango inapitishwa taratibu huku ng'ombe anatafutwa. Jirani yako Mwislamu akifiwa alfajiri, alasiri ameshazika. Fedha yenu ikifika kesho kutwa, imefika kwenye matanga, na yeye sanda amekopa. Wekeni akiba ya msiba ndani ya sanduku lenyewe, lenye kufuli tatu kama kawaida, na wale watatu wenye funguo wasiwe wa ukoo mmoja wala wa upande mmoja wa mtaa. Funguo ikiwa Uyole na msiba uko Ilomba, hiyo siyo akiba.

Halafu lugha. Mkutano wenu unaanza kwa Kiswahili, na mkifika kwenye fedha unahamia Kinyakyusa. Najua bila kuambiwa. Hamna nia mbaya, ni kwamba jambo likiwa zito ulimi unarudi nyumbani. Ila yule asiyesikia Kinyakyusa anaona nyuso zimekunjamana, anasikia jina lake katikati, halafu anasikia "ndaga fijo" (asante sana) na kila mtu anainuka. Angefanya nini zaidi ya kwenda zake? Kwetu tulikubaliana hivi: fedha kwa Kiswahili, utani kwa lugha yoyote. Na yule bibi wa Kisafwa tulimruhusu aje na mjukuu wake wa darasa la sita, akae pembeni yake amnong'oneze. "Riba", "marejesho", "dhamana": maneno haya hata mimi yalinichukua muda, sembuse mtu aliyezeeka akilima viazi mlimani.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi kwa sababu bado naona aibu. Sikukuu yetu ya kwanza ya kufunga mwaka tulinunua mbuzi wawili, tukawachinja wenyewe nyuma ya nyumba, tukapika kwa furaha. Wale Waislamu wetu wanne walikula ndizi na kachumbari, wakashukuru. Hakuna aliyesema neno. Mwaka uliofuata tulimwita mzee kutoka msikitini achinje, wote tukala, na hakuna Mkristo aliyeumwa tumbo. Na jamani, watu wa Mbeya na kitimoto chenu (nguruwe): kipikwe siku nyingine, kwenye sufuria nyingine.

Sasa hiyo habari ya kusaidia wajane na watoto. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu kubwa. Mwaka mmoja msimu wa baridi shirika moja lilitupa mablanketi tugawe. Tukachukua orodha ya nyumba za mtaa, kila nyumba blanketi mbili, tukamaliza kwa siku moja, tukapiga picha. Wiki iliyofuata nikapita kwenye nyumba moja nikakuta blanketi zetu mbili zimeanikwa kwenye kamba ya mwenye nyumba, mwanamke ana duka na televisheni. Uani kwake kulikuwa na milango sita. Mlango wa mwisho, kile chumba kinachotazama choo, alikuwamo msichana na mtoto mchanga, wamelala juu ya magunia ya mkaa yaliyokunjwa. Kumbe sisi tulihesabu mabati. Mjini bati moja lina kaya sita, na mwenye shida hakai chumba cha mbele. Tangu siku ile orodha yangu ilikuwa ya milango, na niliiandika kwa kutembea, siyo kwa kumwuliza mwenye nyumba. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya. Ile ya 2022 ikawakuta 541,603. Walioongezeka hawakujengewa nyumba zao na mtu. Wengi wako kwenye hivyo vyumba vya uani.

Na kwenye fomu zenu ondoeni mstari wa "kabila". Ukimwuliza mtu kabila kabla hujamwuliza ana shida gani, ameshajibu moyoni mwake.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye hukumtaja, na nakuhakikishia yumo mtaani kwako. Kwetu alikuwa kijana fundi viatu wa Kabwe, kiziwi. Alikuja mikutano mitatu, akakaa, akatabasamu, akaondoka. Tukadhani ameridhika! Nilipokwenda Iringa kumwona dada yangu alinipeleka kunywa chai Neema Crafts, ile karakana iliyoanza mwaka 2003 ikiwa na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, pamoja na kinyesi cha tembo (ndiyo, cha tembo). Mgahawani wanaohudumia ni viziwi. Unaandika unachotaka kwenye kikaratasi, na anayeonekana mzito pale ni wewe uliyezoea kupiga kelele. Nilirudi Mwanjelwa nikabadilisha vitu vidogo. Msemaji akae anapotazamana na dirisha, asilipe mgongo, maana uso ukiwa gizani kiziwi haoni midomo. Azungumze mmoja kwa wakati. Hesabu ziandikwe ubaoni kwanza, maneno yafuate. Tukampata mwalimu wa watoto viziwi aje mara moja kwa mwezi, tukamlipa nauli na soda. Wa kwanza kufurahi hakuwa yule kijana. Walifurahi wazee wenye masikio mazito ambao walikuwa wakipiga kura za ndiyo kwa miaka bila kusikia hoja.

Mwisho, wazee wako. Wewe unadhani wanaogopa Wakinga. Mimi nadhani wanaogopa kuhusu fedha. Wamechangia tangu 1998, wengine wamezika wenzao kwa hiyo fedha, na leo kijana anasema mtu aliyelipa kiingilio juzi ana haki sawa juu ya kila kilichomo sandukuni. Hata mimi ningecheka. Ule mfuko wa zamani waachieni, na kitabu chake na wanachama wake walewale, uendelee na safari zake za Busokelo. Anzisheni mfuko mpya unaoanza sifuri kwa kila mtu, wazee wakiwamo. Ukiwaeleza hivyo, mzee mmoja atakuwa wa kwanza kutoa mchango. Huwa wanapenda kuandikwa namba moja.

Lakini kabla ya hayo yote, nenda kwa wale saba. Usiende na fomu wala na mwenyekiti. Nenda jioni, uliza: "Siku ya mwisho ulipokuja, kulitokea nini?" Kisha nyamaza.

*

"Shangazi, kikundi chetu cha Uyole tuko 22, wanawake kwa wanaume, tunaweka hisa na kukopeshana, na tuna mfuko wa jamii wa kusaidia wagonjwa. Rafiki anasema tusajili NGO tupate wafadhili. Wewe wasemaje? – Mwenyekiti wa Uyole"

Nasema mna haraka ya nini?

Kikundi kinachoweka hisa na kukopeshana kina sheria yake, ile ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na ninyi mnaangukia daraja la nne, vikundi vya kijamii. Huo usajili ni wa lazima na mnaanzia halmashauri, kwa afisa maendeleo ya jamii. Kama hamjaufanya, anzeni huko kabla ya kuota wafadhili. Shirika lisilo la kiserikali ni kitu kingine, liko chini ya Sheria Namba 24 ya 2002. Linatakiwa kutoa taarifa ya shughuli na ya fedha kila mwaka, lilipe ada, na tangu marekebisho ya 2019 cheti kina muda wa miaka kumi, kisha kinahuishwa. Pia shirika halikuundwa ili wanachama wagawane faida. Ninyi mwisho wa mzunguko mnavunja sanduku na kugawana. Mkiyachanganya hayo mawili, mkaguzi atawagawanya ninyi.

Mkitaka mtaji, ulizeni ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ila kikundi chenu cha mchanganyiko hakitaingia kilivyo. Wanawake wenu waunde chao kidogo ndani ya kikubwa, vijana vilevile. Baba wa miaka 55 anayeendesha mkokoteni hana fungu hapo, na jambo hilo huniudhi kila nikilifikiria, maana ndiye huyo anayeishia kwa wakopeshaji wa kausha damu. Basi mfuko wenu wa jamii umkumbuke yeye kwanza.

Na mfadhili akija, atawauliza mnasaidia kundi gani. Msijibadilishe ili mfanane na swali lake. Nimeona kikundi cha wauza ndizi kikajiita cha mazingira kwa ajili ya fedha ya mwaka mmoja. Fedha ikaisha, na ndizi nazo walishaacha kuuza.

*

"Shangazi, mimi ni mzaliwa wa hapa. Vikundi vya mjini vinamalizwa na wakuja. Wanakopa, wanahama. Kwa nini tusiweke sharti la kuzaliwa Mbeya? – Mwenyeji, Sinde"

Mwenyeji, ukiondoa Wasafwa, nitajie nani si mkuja. Mji huu ulianza 1927 na ukanenepa kwa watu waliofuata dhahabu ya Lupa. Wengine walikuja na reli ya TAZARA, iliyojengwa 1970 hadi 1975, wakashuka Iyunga na hawakupanda tena. Wengine waliletwa na barabara ya Zambia. Tuna mtaa unaitwa Soweto na mwingine Ghana, kisha unataka cheti cha kuzaliwa?

Kukopa na kuhama ni kweli kupo. Dawa yake ni mkopo wa kwanza uwe mdogo, usizidi alichoweka mwenyewe, na adhaminiwe na wanachama wawili wanaojua anakolala. Kwetu aliyetukimbia na fedha nyingi kuliko wote alizaliwa Mwanjelwa, na mama yake alikuwa jirani yangu.

*

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 20, natoka Makete, nafanya kazi za ndani mtaa wa Forest. Kuna kikundi cha akina dada wanaweka hisa shilingi elfu mbili kwa wiki na wanafundishana cherehani. Mama wa nyumbani hataki nitoke. Na kikundi kinataka namba ya NIDA, sina, na barua ya mwenye nyumba ninakoishi, ambaye ndiye huyohuyo mama. Niende kwa siri? – Binti wa Makete"

Marahaba binti yangu. Siri hapana. Siku utakayochelewa daladala atasema umetoka kwa mwanaume, na hutakuwa na wa kukutetea.

Haki unayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 kila wiki, na dada wa kazi ni mfanyakazi. Lakini sikutumi ukamsomee sheria mtu ambaye usiku unalala chini ya bati lake. Kazi hiyo ni ya kikundi. Mwambie mwenyekiti wao, kama ni mtu mzima, aende mwenyewe kubisha hodi. Sisi tulikuwa tunakwenda wawili, na mkungu wa ndizi za Tukuyu, hatulaumu mtu. Tunasema, "Mama, tumekuja kumwomba binti yako Jumapili, saa nane hadi saa kumi na moja, tutamrudisha wenyewe." Ukishamwita binti yake, kukataa kunamwia vigumu. Nyumba tano tulizokwenda, tatu zilikubali. Moja ilitufungia mlango. Moja ilipokea ndizi kisha ikatufungia mlango.

Viongozi wa hicho kikundi najua mnasoma ukurasa huu. Kumdai dada wa kazi barua ya mwenye nyumba ni kumpa mwajiri wake ufunguo wa mlango wenu. Barua ya mwenyekiti wa mtaa inatosha, au wanachama wawili wanaomfahamu. Namba ya NIDA aanze kuifuatilia huku akiwa ameshaingia. Na kitabu chake cha hisa kikae kwa mweka hazina, kisikae chini ya godoro ambalo si lake.

Cherehani usiiache, binti. Anza na kupinda sketi za shule, Januari hukosi wateja.

*

Barua ya tano ilinyeshewa njiani na wino umetembea. Nimeweza kusoma "kiti cha magurudumu", "ngazi" na "mwenyekiti amesema avumilie". Kama unauliza kuhusu ofisi ya kikundi iliyo ghorofani, hamisheni mkutano uje chini, hata kama ni kwenye uwanja wa jirani, kuanzia mkutano ujao. Na msimbebe mtu kama gunia la viazi huku mkidhani mnamsaidia. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na yule kaka hakurudi. Kama uliuliza kitu kingine, andika tena, na safari hii uitie kwenye mfuko wa nailoni.